Kamshafti Iliyobaki Sandukuni

Leo mama amenituma shuka sandukuni mwake, na harufu ya oili ikanirudisha uani kwetu Bariadi, asubuhi ambayo nyuzi za pamba zilielea hewani kama usingizi.

Baba alikuwa na kigari cha zamani cha Kiingereza, cha viti viwili, kisicho na paa. Juu ya khanga alilaza kamshafti mbili, vyuma virefu vya kufungulia vali za injini, achague moja ya kufunga kabla ya safari. Moja ilikuwa na nundu butu. Nyingine, ya mbio, nundu zake zilichongoka.

Mama alizipapasa kwa kiganja, kama alivyozoea kupapasa nundu ya dume la ng’ombe mnadani.

“Funga hii ya taratibu,” akasema. “Inavuta hata kwenye tope. Itakurudisha.”

Baba alicheka, akanigeukia. “Mwanangu, we unasemaje?”

Nilitaka acheke tena. Nikagusa ile ya mbio.

Siku aliyoondoka injini ilinguruma kwa raha, na nikatazama shati lake likipepea mpaka vumbi la barabara ya Mwandoya likatulia.

Baba hakurudi, na mama hajawahi kunilaumu. Chini ya mashuka nimeikuta ile ya taratibu, ndani ya khanga ileile, imepakwa oili juzi tu.