Mwalimu wa Ushahidi na Uji wa Asubuhi

Mwalimu aliyenifundisha Sheria ya Ushahidi chuo kikuu amefariki dunia. Alikata roho asubuhi nyumbani kwake Kibamba, na alasiri ya siku hiyohiyo tukamzika. Habari ilinikuta Mwenge kwa fundi viatu, nimevua nangoja soli igundishwe. Sikungoja. Fundi akaniazima kandambili zake za buluu, na ndizo nilizosimama nazo kaburini. Marehemu alikuwa akinisema kwa uvaaji wangu tangu nikiwa kijana, sijui siku hiyo angesemaje. Wasomaji wa siku nyingi mnamjua, ingawa sijapata kumtaja jina na leo pia simtaji. Ndiye yule msomi niliyewasimulia mara kadhaa vituko vyake, aliyeamini kwamba nguzo za taa za Barabara ya Morogoro zimewekewa masikio. Ukitembea naye, mkikaribia nguzo anakata maneno katikati ya sentensi, mkishaipita anaendelea palepale alipoachia. Mlikuwa mnafika mwendako na robo tu ya mazungumzo.

Darasani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mie alinifelisha mtihani kwa neno moja. Niliandika “inasemekana mshtakiwa alionekana sokoni”, akalizungushia hilo “inasemekana” wino mwekundu na pembeni akaandika: anayesema ni nani, na yeye alikuwa wapi? Nikarudia mtihani. Enzi hizo nilipanga chumba Mabibo, na likizo nzima nilikaa humo na madaftari yake huku wenzangu wakiwa makwao. Sheria sikuifanya kazi, lakini kila nilichokijua cha uandishi wa habari kilianzia kwenye ule wino mwekundu. Alitoka katika ukoo wa Waarabu wenye maduka, watu ambao mteja akisema jambo wanamtazama usoni kwanza. Nadhani alijifunzia ushahidi kwenye kaunta ya baba yake kabla ya kuusoma kwenye kitabu.

Sasa mtu huyohuyo, akishafunga daftari na kutoka nje, unamkuta anaeleza kwamba maembe ya msimu yanadungwa sindano ili wananchi wasinzie mchana na wasihoji mambo. Ukimuuliza nani anayadunga, anakutazama kwa huruma na kusema, “Wapo.” Hilo “wapo” ndilo lilikuwa jibu la kila kitu. Mbegu za mahindi, wapo. Barabara kupanuliwa, wapo. Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kitamu cha pwani, na kwa vile alikuwa msomi mkubwa, watu walimsikiliza kama wanavyomsikiliza daktari. Mie nilicheka. Nilimpenda sana, kusema kweli, na vituko vyake vilinipa makala nyingi nzuri. Mama yangu alisomewa zile makala na wajukuu wake kule Temeke, naye akacheka, lakini kumbe alichokishika ni kimoja tu: kwamba mwanawe anamsifu huyu bwana kuwa hajapata kuona mtu aliyesoma kama yeye.

Baba yangu alipofariki, Mwalimu alikuja kutupa pole. Akaongea na mama kwa upole, akaona vidonge vyake vya presha juu ya meza, na katika kuongea kwake akamwambia kwamba dawa zile zimetengenezwa mtu asipone, awe mteja wa maisha. Akaaga, akaenda zake. Mama akaviweka vidonge kwenye kopo la biskuti na hakumwambia mtu. Haikupita miezi miwili aliamka mdomo umepinda na mkono wa kulia hauna nguvu. Alipoanza tena kusema nilimuuliza kwa nini aliacha dawa. Akanijibu, “Si wewe mwenyewe uliyeniambia yule ni msomi?”

Nilikwenda Kibamba nikiwa nimejaa hasira. Njia nzima nilipanga nitakayomwambia, na mengine yalikuwa hayafai kuandikwa hapa. Nilipofika mlangoni yote yakanikauka. Nikasema tu, “Mwalimu, mama kaanguka. Aliacha vidonge.” Akavaa koti lake, tukaja Temeke pamoja. Akakaa karibu na kitanda cha mama, akamwamkia, kisha akatoa mfukoni vidonge vilevile, vya karatasi ileile, akameza kimoja mbele yake. “Bi mkubwa,” akasema, “mie mwenyewe mgonjwa wa presha. Nameza hivi mwaka wa ngapi sijui.” Mama akamtazama. “Sasa mbona uliniambia vile?” Mwalimu akainamisha kichwa. “Nilikuwa naongea tu, Bi mkubwa.” Mama, kwa ule mdomo wake ambao bado ulikuwa mzito, akamwambia, “Wewe ukiongea, baba, watu tunasikia.”

Kabla ya kuondoka alimwomba mama jambo moja: asimwambie mtu kwamba anaumwa. Aliona haya wanafunzi wake kujua kwamba anameza kile anachokipinga. Mama akakubali, nami niliyekuwa nimesimama mlangoni nikakubali kwa kunyamaza. Tangu siku hiyo Mwalimu alimpigia mama simu kila asubuhi kuhakikisha kwamba amemeza dawa. Alimpigia akiwa safarini, alimpigia siku za sikukuu, na mama alipochelewa kupokea alinipigia mie. Walizoeana mpaka wakawa wanaambiana mambo ambayo sisi watoto hatukuambiwa. Mambo ya nguzo na maembe hakuyaacha, lakini ya dawa sikumsikia kuyasema tena. Na mie nikaendelea kuwaandikia habari za nguzo na maembe. Ya mkono wa mama sikuyaandika.

Maziko yalikwisha kwa amani. Kesho yake, kwenye kundi la simu la wanafunzi wake wa zamani, mmoja akauliza: mtu mzima wa afya anakufaje ghafla vile? Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Jioni swali lilikuwa limeshageuka: asubuhi ile alikula nini, na nani alimpikia? Alikunywa uji. Aliupika mkewe. Nikampigia yule aliyeanza, ambaye leo ni wakili mwenye ofisi na vijana wa kumbebea majalada, nikamuuliza ametoa wapi habari hizi. Akanijibu bila kusita, “Kwa Mwalimu mwenyewe, kaka. Si alikuwa akituambia, mkisikia nimekufa ghafla msikubali, anzeni na aliyenipa chakula? Na wewe ulikuwepo.” Ni kweli, nilikuwepo. Alilisema zaidi ya mara moja, akitabasamu, na mkewe akiwa hapohapo anatugawia chai. Tulicheka sote, hata yeye mkewe alicheka.

Siku ya tatu nilimchukua mama tukaenda Kibamba kwenye hitima. Pilau ilipikwa uani na dada za mjane, sufuria kubwa mbili. Yale maneno ya simuni yalikuwa yameshafika mtaani: masinia yalitoka yamejaa, yakarudi yamejaa. Majirani walisoma, wakaitikia dua, wakasema wamefunga, wengine wakasema tumbo si zuri, wakakaa mikono mapajani. Mjane alikuwa ndani, amekaa eda, na mtakumbuka kwamba mwenye eda hatoki: miezi minne na siku kumi anakaa nyumbani mwake. Anayemsema nje hawezi kumfuata akamjibu. Mama aliingia kwake akakaa kitambo, kisha akaniita nikasimama upande wa huku wa pazia. Nikasikia sauti ya mjane niliyemzoea miaka yote, safari hii ndogo sana. “Mwanangu, uji tulikunywa wote, mie na yeye, sufuria moja. Nimesikia wanayoyasema. Na mie siwezi kutoka.” Nilisema pole, kama nilivyokwisha kusema mara tatu siku hiyo.

Nafikiri sana juu ya heshima tunayowapa waliosoma. Tunampa mtu cheo cha mwalimu, halafu hatumhoji tena, kama vile kumhoji ni kumvunjia adabu. Anaposema la kweli tunaitika, anaposema la uongo tunaitika vilevile, na sisi tunaojua tofauti tunacheka pembeni tukidhani kucheka kwetu kunatosha kuwa pingamizi. Hakutoshi. Aliyekaa mbali haoni kwamba unacheka, anaona umekaa naye. Mwalimu hakumtakia mkewe mabaya hata siku moja, alimpenda yule mwanamke kwa namna iliyotufanya vijana tuone wivu. Aliongea tu. Lakini maneno yake yalibaki duniani yeye alipoondoka, yakamkuta mkewe peke yake ndani ya chumba.

Mama alitoka chumbani akaenda kusimama katikati ya wanawake uani. Akasema yule marehemu alikuwa na presha, alimwonesha vidonge kwa mkono wake mwenyewe, na alimpigia simu juu ya presha kila asubuhi ya Mungu mpaka ya mwisho. Akasema, “Alinipa siri, nami nilimtunzia alipokuwa hai. Sasa aliye hai ni mkewe.” Kisha akakaa kwenye mkeka, akaagiza sinia iwekwe mbele yake, akaomba na kijiko, maana mkono wake wa kulia tonge hauliwezi. Akala. Uani kikawa kinasikika kijiko tu. Mwanamke wa nyumba ya jirani akasogea, akanawa, akaingiza mkono kwenye sinia lile, kisha akasogea mwingine. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na kandambili zilezile za fundi, viatu vyangu sijavifuata bado. Miaka yote ile nilikuwa na safu nzima ya gazeti, na kila Mwalimu alipokuja nyumbani nilikuwa na kiti mbele yake, na sikumwambia hata mara moja: hapana, Mwalimu wangu, hilo si kweli.