Matundu Aliyoyaziba Bahizire

Baridi ya Sydney haina theluji, ndiyo maana wageni huidharau. Bahizire aliidharau mwaka mmoja tu. Mwaka wa pili mama yake, Emérance, alikuja kutoka Bukavu, akapewa chumba cha nyuma katika ile nyumba kuukuu ya mbao waliyopanga Bankstown, na kila usiku Bahizire akawa anamsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Hita walikuwa nayo. Ila bili ya umeme ikifika, Bahizire hununa siku nzima, na mama ana macho. Hita akaikataa katakata.

"Hapana, mutoto wangu. Ile mashini inakulaka feza yako yote."

Yeye alitaka babula, lile jiko la mkaa ambalo Ketsia, mke wa Bahizire, alilinunua kwa kuchomea nyama uani. Jioni aliliwasha nje, akasubiri moshi ukatike, akaliingiza chumbani kama alivyofanya maisha yake yote. Bahizire alijua. Alimkanya kwa kicheko, basi. Upepo ulikuwa ukiingia na kutoka katika nyumba ile utadhani ndio unaolipa kodi, na hakuna aliyewahi hata kuumwa kichwa.

Ndipo akaamua kuikomesha baridi yenyewe. Mwenye nyumba alikubali upesi. Nani angekataa kutengenezewa bure? Jumamosi nzima Bahizire alitambaa darini, barakoa puani, akitandika pamba ya kioo ya kuzuia baridi kila pembe, jasho likimtoka na mikono ikimwasha. Alipoteremka hakutosheka. Akaziba nyufa za madirisha, akaziba na yale matundu ya zamani juu ya kuta, yaliyokuwa yakimkera kwa kupitisha baridi. Chumba cha mama alikiziba kwa uangalifu kuliko vyote, kwa sababu alimpenda.

"Sasa joto halitoki, mama. Ukiwasha hita kidogo tu, inatosha."

"Aksanti, mutoto wangu. Mungu akubariki."

Kesho yake goti lilimsumbua mama, akabaki nyumbani. Bahizire na Ketsia waliporudi kutoka kanisani walimkuta kitandani, hapumui, na kando yake jiko lina makaa mekundu bado. Hita haikuguswa. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba mkaa hutoa sumu isiyo na harufu, na kwamba katika chumba kile sumu haikuwa na pa kutokea. Bahizire alitamani mtu amtukane. Hakuna aliyemtukana.

Matanga yakajaa watu. Concilie, Mrundi wa kanisani kwao, aliingia akitetemeka kwa baridi ya nje, akaketi, na baada ya muda akavua koti. Wengine nao wakavua. Akatafuta neno la kumfariji mfiwa.

"Angalau mama hakuteswa na baridi, kaka. Nyumba hii ina joto kweli! Nani aliwatengenezea?"

"Ni mimi," akasema Bahizire.