Kulanti Niliyomimina Kabla ya Safari ya Duluth

Mwezi wa tano, mwaka wa 2014, niliondoka Brooklyn Park, kando ya Minneapolis, kwenda Duluth kwa sababu moja: jirani yangu Mama Neema, mjane kutoka Kongo, alitaka kumwona bintiye akihitimu uuguzi. Yeye haendeshi gari. Gari lenyewe, kuukuu lakini zima, aliachiwa na marehemu mumewe. Mimi, Mkenya niliyejisifu kanisani kwamba nayajua magari, ndiye niliyekabidhiwa funguo.

Ijumaa jioni, kwenye maegesho ya fleti zetu, nilifungua boneti nikakuta kulanti, yale maji ya dawa yanayopoza injini, yamepungua. Nikaenda dukani. Chupa zilikuwa za kila rangi. Nikachukua ya rangi ya chungwa kwa kuwa iliandikwa kwamba inadumu miaka mingi. Nilipokuwa nikimimina, Mama Neema alichungulia.

"Ndugu, ile ya baba Neema ilikuwa ya kijani. Hakuna shida?"

"Mama, kulanti ni kulanti," nikamjibu. Kitabu cha gari kilikuwa mle mle garini. Sikukigusa.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tulishika barabara ya kaskazini. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya, akiimba pambio kwa sauti ya chini. Baada ya mwendo wa saa moja na zaidi hivi, karibu na mji wa Hinckley, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye alama nyekundu. Mvuke ukafoka. Nikaegesha kando.

Gari la kuvuta lilitupeleka kwa fundi, mzee Mzungu mpole. Alisubiri injini ipoe, akafungua mfuniko wa rejeta, akachovya kidole. Kikatoka na uji mzito wa kahawia.

"Nani amechanganya hizi mbili?" aliuliza kwa Kiingereza. Akaeleza kwamba gari la umri ule linataka kulanti ya aina ya zamani, kwamba aina hiyo husomwa kwenye kitabu cha gari wala haikisiwi kwa rangi, na kwamba aina mbili zikikutana zinaweza kuganda na kuziba njia za maji.

Mama Neema hakijui sana Kiingereza. "Anasema nini?"

"Anasema rejeta imezeeka."

Nilisema hivyo bila hata kupepesa macho. Fundi alisafisha rejeta na mabomba kwa saa nne nzima. Mama alikaa kwenye benchi akitazama saa ya ukutani.

Saa nane mchana tulifika Duluth. Sherehe ilikuwa imekwisha, wafanyakazi wanakunja viti. Neema alikuwa amesimama mlangoni na joho lake, macho yamevimba. Alisema, akichanganya Kiingereza na Kiswahili, kwamba jina lake lilipoitwa, alitutafuta ukumbi mzima.

"Unisamehe, mwanangu," mama akamjibu kwa Kiswahili. "Gari ya baba yako iliharibika. Ni mimi sikuitunza tangu alipokufa."

Mjane anaomba radhi kwa kosa langu! Nikasema, "Si yeye. Ni mimi. Niliweka kulanti isiyofaa, kisha nikamdanganya juu ya maneno ya fundi." Neema alinitazama kidogo, akamshika mama yake mkono, wakaingia ukumbini wawili. Nilibaki nje.

Jioni tulirudi bila pambio. Tulipokuwa tukikaribia Minneapolis, Mama Neema alisema, "Ndugu, kujua gari si lazima. Lakini nilikuuliza mara mbili: ulipokuwa ukimimina, na tena kwa fundi."

Nimejifunza kwamba gari kuukuu lina kulanti yake, na kwamba jibu lake limeandikwa kwenye kitabu chake. Ni kusoma tu, na usiposoma uulize. Hilo ni jepesi. Zito ni hili: siku hizi Mama Neema akiwa na miadi hospitali, ambako zamani mimi ndiye niliyemtafsiria, huenda na mkalimani mwingine. Hanisemi kwa mtu. Hunisalimia kwa upole uleule, na mimi huitikia nikiwa nimeinamisha macho.