Kichwa Kilichopoa Akilala

Mke wa mwanangu, Sabina, alipasuliwa uvimbe wa maji kwenye uti wa mgongo. Alipotoka hospitali nilikuja kutoka Sikonge na dumu la asali, nimuuguze hapa kwao Chemchem. Akisimama, kichwa kilimuuma mpaka anatapika. Akilala kinapoa. Mimi niliyevuna tumbaku na mimba ya miezi minane nilishajua ugonjwa huo: uvivu.

Alisema ameagizwa alale. Kila asubuhi nikamwinua anisalimie kwa kupiga magoti, kama mkamwana aliyelelewa. "Shikamoo, mama," anasema, macho ameyafumba. Naitikia marahaba taratibu kabisa, halafu namkabidhi ufagio. Gauni lake lilikuwa limelowa mgongoni, maji tu yasiyo na harufu. Nikasema ni jasho la kulala mchana. Siku ya tatu nikampigia mwanangu Paulo, aliyekuwa kazini Nzega, nikajisifu namna ninavyomnyoosha mkewe.

Siku ya nne Sabina alianguka akiwa kwenye magoti yale yale. Paulo akaja, tukamrudisha hospitali. Daktari alifungua bandeji, akasema maji ya uti wa mgongo yanavuja, na kila akiinuka yanazidi.

"Nani alikuwa anamwinua?"

"Niliinuka mwenyewe," Sabina akajibu, hata sauti hana.

Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kukubali.

"Mama," Paulo akasema, "rudia ulichoniambia kwenye simu. Daktari asikie."