Post-doc au Poste ya Dokta

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, Béthanie Kanyinda amesimama juu ya benchi la darasa, mkono wenye simu ukiwa nje ya dirisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mtaka mtandao katika shule hii sharti apande benchi.

"Bado," anasema, na kuifuta simu kwa kitenge chake.

Béthanie, mwenye umri wa miaka 39, ni mwalimu wa biolojia mjini Kamina. Tangu atetee tasnifu yake ya udaktari, ametuma maombi kumi na manne ya kufanya utafiti chuo kikuu, kwenye nafasi zile ambazo kwa Kifaransa huitwa post-doc. Kumi na tatu yalikataliwa, mengine hata bila salamu. Jibu la kumi na nne limeahidiwa leo kabla ya saa tatu. Ni la mwisho pia, kwa kuwa nafasi anazozitafuta hazimpokei aliyepitisha miaka mitatu tangu udaktari, na yake inakwisha mwezi huu.

Baba yake, Papa Amédée, fundi mstaafu wa reli, ndiye aliyezua kizaazaa. Alisimama kanisani akaomba waumini wamwombee binti yake apate "poste ya dokta", yaani nafasi ya dokta, kwa jinsi alivyoisikia post-doc. Mtaa mzima ukaelewa kwamba ni kazi ya hospitali. Jumatatu iliyofuata wagonjwa walipanga foleni mlangoni kwa Béthanie: mwenye jino, mwenye mgongo, mzee mmoja na mguu wake uliovimba.

"Nilibaambia, minyi si dokta ya sindano," Béthanie anacheka. "Papa akasema, 'Weye nyamaza, udokta njo udokta.'" Kwa Kiswahili cha huku, "minyi" ni mimi, na "njo" ni ndiyo.

Katika foleni hiyo alikuwamo Mama Augustine, anayeuza samaki wakavu kutoka Kinkondja. Yeye hakuumwa popote. Alitua kikapu chake mezani.

"Nilisikia hapa kuko dokta," Mama Augustine anakumbuka. "Njo nilileta samaki yangu, iko mugonjwa."

Samaki walikuwa wametobolewa na wadudu. Kati ya kumi, anasema, watatu huharibika hivyo kabla ya kufika sokoni. Mwingine angemrudisha mama wa watu nyumbani. Béthanie alifungua daftari akaandika: mgonjwa wa kwanza.

Kwa majuma manane aliwafuga wadudu hao darasani katika chupa tupu za mayonezi. Akaanza kushuku kwamba shida iko kwenye samaki wanaokaushwa motoni na kufungwa kabla hawajapoa. Maombi yake ya awali yalijaa maneno makubwa. Hili la mwisho lilianza na kikapu cha Mama Augustine.

Saa tatu kasoro dakika tano simu inalia. Béthanie anasoma kimyakimya, kisha kwa sauti, kisha anashuka vibaya na kukipindua kikapu cha samaki anaowachunguza, kilichokuwa kando ya benchi. Amechaguliwa. Miaka miwili ya utafiti, nusu yake huko Kinkondja, kwenye majiko ya kukaushia samaki. Mwandishi wa habari hizi alipiga makofi na haoni aibu kusema.

Papa Amédée, aliyekuwa akisubiri nje ya dirisha, anaingia mbio, fimbo mkononi.

"Njo nilibaambia. Poste ya dokta."

Kwa mara ya kwanza, binti yake hamsahihishi. Anapanga kuondoka muhula ukiisha, lakini kuna jambo la leo.

"Papa, ambia Mama Augustine," anasema, akiokota samaki sakafuni. "Mugonjwa yake, bamemupokea."