Nani Alimfinyanga Mtu Asiye na Ngozi

Ko, ko, ko. Mpaka leo nausikia ukucha wa memsaab ukigonga paja la yule mtu wa plasta. Alikuwa mwanamume asiye na ngozi, misuli yote nje, amesimamishwa mezani kwenye ukumbi wa shamba la chai, ambako memsaab, mke wa meneja, alitufundisha kuchora kila Jumamosi. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Hii ni nakala tu, alituambia. Yenyewe iko Ulaya, ni ya zamani sana, na aliyeifinyanga ni yule fundi mashuhuri kuliko wote wa Italia.

"Aliandika jina lake?" nikauliza.

"Hapana. Lakini wataalamu wakiitazama, wanasema ni yeye tu angeweza."

Nilifurahi, we! Kumbe kazi ya mtu inaweza kujulikana hivyo? Mimi niliishia darasa la saba, nachuma chai na mama, lakini wiki hiyo kichwa kilikuwa Italia. Nikachota udongo mtoni, nikafinyanga mtu wangu asiye na ngozi. Mgongo uliponishinda, nikafikiria wa mama. Kila jioni akitua kikapu nilimkanda kwa mafuta, na vidole vyangu vilijua palipokaza na palipolegea.

Memsaab alimpenda mtu wangu, akampeleka kwenye maonyesho ya Kericho, kisha yeye akasafiri Nairobi. Siku ya maonyesho nilifika na gauni la kanisani. Mbele ya mtu wangu paliwekwa kadi yenye jina la kaka yangu.

"Mzee, hapa mmekosea," nikamwambia mwanakamati aliyepanga meza.

Akacheka. "Chepto, wewe msichana umechuna ng'ombe lini?"

Kwetu kuchinja na kuchuna ni kazi ya wanaume. Mwanamke huletewa nyama imeshakatwa. Na kaka alikuwa akifanya kazi kwenye bucha huko Kapsoit. Kamati ikaona mambo yako wazi: memsaab amekosea jina.

Kaka mwenyewe alikuwa kando yangu. "Mimi, mzee? Hata ugali wangu hausimami!"

"Unamwonea dada yako huruma tu."

"Kuna mtu wa Italia," nikasema, "hakuna aliye hai aliyemwona akifinyanga, na kazi wamempa. Mimi kambi nzima ya wachuma chai iliniona!"

"Italia ni mbali, mama. Hapa ni Kericho."

"Ndiyo, hapa Kericho! Hata kwenda kuuliza hamwezi?"

"Una mdomo, wewe," akasema, akatoka kwenda kunywa chai. Kaka akamfuata, bado anamweleza.

Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, na waliobaki wakakimbilia mlangoni kuitazama. Nikaitoa ile kadi, nikachomoa pini ya nywele kichwani. Nilichagua kifua, mahali pa wazi. Udongo ulikuwa umekauka, kila herufi niliipitia tena na tena. Jina langu kamili ni refu. Lilianzia bega moja, likaishia la pili.