Siku ya Tano Haikuandikwa Kitu

Nimeshona sare zote za mama wa kwaya yetu kwa miaka kumi na sita. Za Pasaka, za Krismasi, za harusi, za vilio. Najua kiuno cha kila mmoja, na najua nani huwa ananidanganya kuhusu kiuno chake. Kwa hiyo siku ile nilipopita Joubert Park kununua zipu, nikaona ndani ya kibanda cha fundi mmoja Mrundi kitenge cha zambarau kimekatwa mafungu mafungu, na juu ya kila fungu kikaratasi chenye vipimo vya mtu ninayemjua, niliingia bila hodi.

"Papa Fundi, hivi vitambaa ni vya nani?"

Akakumbatia mkasi kama mtu aliyefumaniwa. "Mama, mimi niko kazini tu."

"Nimekuuliza ni vya nani. Sikukuuliza uko wapi."

"Ni vya mama wa kwaya. Wa kanisa lenu." Akawa anaongea na cherehani, si na mimi. "Waliniomba nisikuambie. Ni vya kukuaga."

Kuniaga niende wapi? Nikahesabu mafungu. Kumi na manne. Nikahesabu tena. Kwaya yetu ina wanawake kumi na watano, na wa kumi na tano ni mimi. Mtu anayeagwa akiwa hai hushonewa sare pamoja na wenzake, akakaa katikati, akapigwa picha. Anayekosa sare ni mmoja tu, yule aliyelala ndani ya sanduku.

Yote hayo kwa sababu nilisema nakwenda likizo India.

Naishi Berea, hapa Johannesburg, ghorofa ya saba, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi siku inayopenda yenyewe. Tuko watatu: mimi, binti yangu, na mjukuu wangu wa kike mwenye miaka kumi na mmoja. Huyu mjukuu akipewa hesabu anaimaliza kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Anaongea Kiingereza na Kizulu kama maji, na Kiswahili changu anakielewa chote lakini hanijibu kwacho, isipokuwa kuhusu chakula. Nikimtaja lazima nimsifu, na sioni aibu. Ananiita Koko, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao, na jina hilo nimelifanyia kazi.

Jumapili moja baada ya foufou, ugali wetu wa muhogo, na dagaa, binti yangu alifungua kompyuta yake juu ya meza, akasogeza bakuli.

"Mama, tunakwenda likizo. Sisi watatu. Baharini."

"Durban?"

"India. Kusini, mahali panaitwa Kerala."

Mimi ni mtu wa Uvira. Barabara yetu ilikuwa inaishia ziwani. Ukimaliza kuosha vyombo miguu yako tayari ni safi. Johannesburg hii nimeilaumu tangu nilipofika: mji mkubwa hivi, umekosa ziwa, umekosa mto wa maana, hata dimbwi la mtu kuingiza miguu hakuna. Kumbe mtoto alikuwa anasikiliza malalamiko hayo miaka yote. Akanionyesha picha: nyumba ya wageni yenye baraza, ukishuka ngazi tatu unakanyaga mchanga. Minazi imeinama. Mashua yenye chumba na kitanda juu yake, inatembea polepole kwenye maji yaliyotulia katikati ya mashamba ya mpunga. Wanawake wanaokukanda mgongo kwa mafuta ya nazi. Samaki wa kuokwa ndani ya jani la mgomba.

"Siku kumi," alisema. "Siku moja kitu kimoja. Hakuna haraka."

"Na huko tunamfahamu nani?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Kwa hiyo tunamsalimia nani? Tunambebea nani zawadi?"

"Hakuna."

"Mtu anavuka bahari nzima, anafika mikono mitupu kwa watu wasiomjua, halafu analala tu?"

"Ndiyo likizo yenyewe, Mama!"

Mjukuu wangu alicheka hadi akaanguka kwenye kochi. Na mimi nilicheka. Nasema ukweli, nilifurahi. Binti yangu akaandika ratiba kwenye karatasi kubwa, siku ya kwanza hadi ya kumi, mtoto akachora picha kwenye siku hizo, samaki, mashua, nazi, treni, tukaibandika kwenye mlango wa friji. Kila nikichukua maziwa nilikuwa naisalimia.

Basi Jumapili iliyofuata nikasimama saa ya ushuhuda. Nikasema, Bwana asifiwe, mwanangu ananipeleka India! Nikasubiri vigelegele.

Kanisa likanyamaza. Mchungaji akafumba macho. Nyuma huko mtu akasema "Yesu wangu," kwa sauti ile ya kushuka, ya mtu aliyepokea simu mbaya.

Nilipaswa kujua. Sisi tuliotoka kule juu, Wakongo, Warundi, hata Watanzania wa ghorofa ya tatu, nani kati yetu aliwahi kwenda India kukaa? India mtu anakwenda na figo. Anakwenda na kansa, au na mtoto mwenye tundu kwenye moyo. Wengine hurudi wakitembea na wengine hurudi pamoja na mizigo. Maisha yangu yote sijasikia hata mmoja aliyekwenda kuogelea. Hayo nilikuwa nayajua, na bado nikasimama pale mdomo wazi na kofia yangu mpya.

Wakaanza kupanda ngazi. Ghorofa saba, na sukari, na maji ya matunda ya boksi, na machungwa ndani ya mifuko ya bluu. Wanakaa ukingoni mwa kiti, wanazungumza chini chini kama mimi ndiye maiti na sebule ndiyo chumba changu.

"Mama, umekonda."

Mimi! Sijakonda tangu nizaliwe.

Mama kiongozi wa kwaya ndiye aliyenimaliza. Alinishika mkono, akanikazia macho. "Dada yangu, tuambie ukweli tuombe vizuri. Ni ya tumbo, au ni ya titi?"

"Ni ya bahari!" nikamwambia. "Nakwenda kukaa baharini!"

"Ee," akasema, ananipapasa mkono. "Ya bahari. Sawa, dada. Mungu anaijua."

Nilimpa machungwa yake, nikamwonyesha mlango. Na baada ya hapo ndipo nikakutana na kile kitambaa.

Nilitoka kwa yule fundi nikitembea kwa hasira, zipu nimeziacha. Nilivuka robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, teksi zikanipigia honi, nikazitukana kwa lugha tatu. Lifti ilikuwa imelala. Nikapanda. Nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia wale wanawake, maneno mazuri sana, na nilipofika ghorofa ya nne nikaishiwa pumzi, nikakaa kwenye ngazi kama mzigo uliotupwa.

Nilikaa muda mrefu. Na pale ndipo hasira yangu ilipogeuka ikatazama upande mwingine. Nikajiuliza: nimeanza lini kukaa ghorofa ya nne? Mwaka jana nilikuwa napanda na ndoo ya mahindi.

Nikamkumbuka daktari. Miezi miwili kabla ya habari za likizo, binti yangu alinipeleka hospitali kwa sababu ya kikohozi. Walinipaka mafuta ya baridi kifuani, wakanipitishia kile kidude, wakapiga picha. Daktari akaongea Kiingereza, mimi nimekaa kama kabati. Aliongea dakika kumi nzima. Saa ilikuwa ukutani nyuma yake, nilikuwa naitazama. Mkono wake ulikuwa unafunguka na kufunga, unafunguka na kufunga. Alipomaliza, binti yangu akanigeukia.

"Amesema upunguze chumvi."

Dakika kumi, maneno matatu. Na mimi nikacheka, nikasema Kiingereza ni lugha ya kupoteza mate.

Nilipopata pumzi nikamalizia ngazi, nikaenda moja kwa moja kwenye friji. Shule nilifika darasa la nne, lakini namba nazijua na nafasi tupu naijua. Siku ya kwanza, samaki. Ya pili, mwavuli. Ya tatu na ya nne, mashua. Siku ya tano hapakuwa na kitu. Hakuna neno, hakuna mchoro. Nilidhani mtoto alichoka. Nikaingia chumbani, nikavuta sanduku ambalo binti yangu ameshaanza kulipanga, nikatoa magauni yangu, nikatoa kandambili mpya. Chini kabisa kulikuwa na bahasha ya kahawia ya hospitali. Nani anakwenda kula samaki baharini na picha ya kifua chake?

Nilikaa mezani nikamsubiri. Sikupika. Mjukuu alirudi shuleni, akaniangalia usoni, akachukua mkate akaenda chumbani mwenyewe.

Binti yangu aliingia saa kumi na moja na nusu, viatu mkononi kwa sababu ya ngazi. Akaiona bahasha.

"Mama…"

"Kaa. Unakumbuka suti ya baba yako?"

Akakaa. Alikuwa na miaka saba wakati ule lakini anaikumbuka, suti ya kijivu. Baba yake alikuwa amevimba tumbo na alikataa hospitali, alisema hospitali ni mahali pa kufia. Shemeji zangu wakakaa kikao, wakanipa kazi ya kumdanganya. Kwetu mgonjwa haambiwi. Anaambiwa jirani, anaambiwa mchungaji, mgonjwa ndiye wa mwisho. Nikamwambia mume wangu tunavuka kwenda Bujumbura, kuna harusi ya mtoto wa dada yangu. Alinyoa ndevu. Alivaa suti. Njia nzima anatunga hotuba ya kuwapa maharusi, ananiuliza, hii nayo wataicheka? Gari liliposimama mlangoni pa hospitali alinitazama mara moja tu. Hakunigombeza. Siku tatu hakuongea na mimi, na siku ya tatu akafa. Ile hotuba hakuisema kwa mtu.

"Nilimfanyia baba yako hivyo," nikamwambia binti yangu, "na unajua nimelia miaka mingapi. Ulikuwa unanisikia. Halafu na wewe unakuja kunivalisha suti?"

"Mama, si hivyo. Likizo ni ya kweli."

"Na siku ya tano?"

Akaanza kulia. Nikamwambia alie baadaye. "Nipe dakika zangu kumi. Zile za daktari. Nataka zote."

Akanipa. Alisema moyo una milango, na mmoja wa kwangu umekakamaa, haufunguki sawasawa wala haufungi sawasawa. Alisema bila kutengenezwa nitaendelea kukaa kwenye ngazi, kwanza ghorofa ya nne, halafu ya pili, halafu sitatoka kitandani. Hapa foleni ni ndefu na daktari aliogopa kunipasua kifua kwa umri wangu. Kule Kerala, mjini karibu na ile bahari, kuna daktari anayepitisha mlango mpya kwenye mshipa wa paja bila kupasua. Siku ya tano alikuwa ananisubiri. Na daktari wa hapa alisema pia, akaomba nitafsiriwe, kwamba wengi huamka, lakini wengine hawaamki.

Nikaangalia saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili.

"Kwa nini ya tano?" nikamuuliza. "Kwa nini si ya kwanza?"

"Nilitaka uone maji kwanza. Kama… nilitaka uwe umeshaingiza miguu."

"Kama kuku wa sikukuu! Unamlisha mahindi siku nne, ya tano unamshika miguu."

"Ungekubali ningekuambia?"

"Ningekataa! Ningekataa wiki mbili, ningekutukana, ningevunja sahani, halafu ningekubali. Hizo wiki mbili ni zangu. Wewe umezila."

Kutoka chumbani mjukuu wangu alikuwa ametoa kichwa mlangoni, na kumbe na yeye alikuwa anajua. Ndiyo maana hakuchora. Aliniambia baadaye kwamba hakujua hospitali inachorwaje kwa Koko wake. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa anajua habari za moyo wangu, na mimi niko naye jikoni nikimwoshea vikombe.

Nilibandua ile karatasi kwenye friji. Nikachukua kalamu nene ninayowekea alama kwenye nguo, nikafuta samaki wa siku ya kwanza, nikaandika kwa herufi zangu kubwa za darasa la nne: HOSPITALI. Samaki nikampeleka siku ya tano. Nikamwambia binti yangu apige simu, abadilishe, aongeze siku kama zinahitajika. Kwanza wanitengeneze. Nikiamka, nitakwenda kwenye yale maji kama mtu mwenye likizo kweli, si kama mtu anayeagwa bila kujua. Nisipoamka, basi sijadanganywa. Na huko kwa daktari, nikamwambia, utakaa kando yangu, akiongea dakika kumi na wewe unaongea dakika kumi. Nitakuwa naitazama saa.

"Ndiyo, Mama."

"Usiniambie ndiyo Mama. Piga simu."

Wiki mbili zangu nilizichukua hata hivyo. Sikuongea naye vizuri hadi ya pili ilipoisha, na sahani moja ilivunjika.

Kwa yule fundi nilirudi kesho yake asubuhi. Nikamwambia afunge kile kitambaa chote, pamoja na vikaratasi. Hakubisha. Nimezishona mwenyewe zile sare kumi na nne, na mama kiongozi nilimpunguzia kiuno kwa makusudi, apumue kwa shida kidogo siku moja aone. Nikanunua kitambaa kingine cha zambarau ileile kwa sare ya kumi na tano, yangu. Ni gauni pana lisilo na kola, linalofungwa mbele ili madaktari wasipate taabu. Chini nimelikatia magotini, kwa sababu ya maji.